Nyota Niliyogawana na Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kuchukua gesi.

Tulikuwa wasichana wawili walioajiriwa pamoja kuwa wasaidizi katika laboratwari ya fizikia, chuoni Bujumbura. Shefu wa Laboratwari alikuwa mtu mfupi, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote hata wakati wa joto kali. Hakutuuliza habari za diploma zetu. Alituuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani. Mwenzangu, Furaha, akasema mama yake anauza vitenge, anapita mpakani kati ya Uvira na Bujumbura. Mimi nikasema baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa Bwiza.

"Anachomelea na umeme ao na gazi?" Shefu akauliza.

"Na gazi, shefu."

"Bon. Enda uniletee kidogo."

Nikaenda kwa miguu hadi Bwiza. Baba alikuwa na pipa lake la chuma ambamo hutiwa mawe ya kijivu yaitwayo kabidi. Mawe hayo yakikutana na maji hutoa asetilini, gesi yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza, ambayo ikiwashwa huyeyusha chuma. Baba alicheka sana. "Serikali imekuandika kazi ya kubeba gazi?" Akanijazia mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga, nikarudi nao begani huku watoto wa mtaani wakinifuata.

Laboratwari ilikuwa na spektromita ya infraredi, mashine ya kupimia mafuta ya mawese na sabuni za wenye viwanda. Unaweka kitu chako ndani, mashine inakipitishia mwanga, halafu kalamu inachora mstari kwenye karatasi. Mahali mwanga unapomezwa, mstari unaanguka na kufanya bonde. Kila molekuli ina mabonde yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Asetilini ya baba yangu ilichora bonde moja refu. Shefu akatoa mezani karatasi nyingine, akaiweka juu ya ile yetu, akaziinua zote mbili dirishani. Bonde lilikuwa mahali pale pale.

"Hii ya pili imetoka kwa nyota," akasema. "Nyota iliyo karibu kufa."

Mimi nilikuwa bado natafuta neno la kusema. Furaha akasema, "Shefu, sasa nani anachomelea huko juu?"

Shefu alicheka hadi akafungua kifungo kimoja cha koti. Kwa miaka yote iliyofuata alilirudia swali lile mbele ya kila mgeni. Gesi ilikuwa yangu, baba alikuwa wangu, aliyetembea na mpira begani ni mimi. Kicheko akakipata Furaha. Wivu wangu ulianza siku ile kabla ya saa ya chakula, na wala siyasemi haya kwa kutubu. Nayasema kwa sababu mmeniomba nieleze jinsi kazi ilivyofanyika, na bila wivu huo sijui ningeifanyaje.

Kwa ninyi vijana ambao hamjaigusa kazi hii, nieleze kidogo. Nyota kama jua letu haifi ghafla. Ikizeeka huvimba ikawa jitu jekundu, halafu huanza kukohoa tabaka zake za nje, moja baada ya nyingine, na baadhi ya nyota hizo hukohoa kaboni nyingi. Ule moshi ukipoa, kaboni hushikana na haidrojeni na nitrojeni, zikazaliwa molekuli ambazo wanakemia huziita za kikaboni: asetilini, sianidi ya haidrojeni, minyororo mirefu, na zile pete za kaboni sita zinazoitwa benzini. Ni jamaa za vitu ambavyo miili yetu imetengenezwa navyo. Jicho haliwezi kuziona, maana vumbi la nyota yenyewe limefunika kila kitu. Infraredi hupenya. Infraredi ni mwanga ulio ng'ambo ya wekundu. Jicho haliujui lakini ngozi inaujua. Ukisogeza mkono karibu na pasi iliyopata moto, unachokisikia kabla hujaigusa ni huo.

Tabu yake ni kwamba kila chenye joto hutoa infraredi: darubini, hewa, hata wewe unayetazama. Ni kutafuta kibatari ndani ya tanuri. Kwa hiyo kifaa cha kupokea mwanga hupozwa kwa heliamu iliyo baridi kupita barafu yoyote, na kioo kimoja cha darubini huchezeshwa, sasa kwenye nyota, sasa kwenye anga tupu iliyo kando, ili joto la anga litolewe na kinachobaki kiwe cha nyota. Hata hapo, hewa yetu imekwisha kula sehemu ya mwanga. Mvuke wa maji unakula, kabonidioksidi inakula, methani inakula. Ndiyo maana darubini hizi hujengwa kwenye milima mirefu na mikavu. Bujumbura, pamoja na ziwa lake na jasho lake, haifai kabisa.

Tulikuwa tumekwisha kuzoea kazi wakati kituo kimoja cha ng'ambo, chenye darubini mlimani, kilipomwandikia Shefu kuwa kitampokea msaidizi mmoja kutoka kwetu. Shefu alinichagua mimi. Hili nataka lisomwe mara mbili: alinichagua mimi. Mabonde yangu yalikuwa safi kuliko ya Furaha, na Furaha mwenyewe alilisema hilo mbele yake.

Nilikuwa nimeolewa na Issa, deklara wa pale bandarini, yaani wakala wa kupitisha mizigo forodhani. Nilipoenda kupimwa kwa ajili ya safari, daktari alinikuta na mimba. Mlima ule una hewa haba, na kituo hakikubali mwenye mimba apande. Nikarudi kwa Shefu.

"Ninaweza kuzaa kwanza, shefu. Kisha niende."

Alifuta miwani yake muda mrefu. "Mi nilikuandika we, Zaina. Lakini mulima autusubiri, binti yangu. Furaha ataenda."

Jioni Furaha alikuja kwetu Bwiza. Hakukaa. Alisimama mlangoni na viatu mkononi. "Dada Zaina, ukisema nisiende, siendi."

Nilimchukia kwa maneno hayo kuliko kwa safari yenyewe. Kama angenidanganya, kama angepita nyuma yangu kwa Shefu, ningekuwa na kitu cha kushika. Hakunifanyia baya lolote. Nikamwambia, "Enda, Mungu akutangulie," nikaingia ndani nikasonga ugali kwa nguvu hadi mwiko ukavunjika.

Mgawanyo wa kazi ukawa hivi. Furaha alitazama, mimi nilisafisha. Kusafisha data ni kuondoa kila kilicho cha dunia ili kibaki cha nyota. Mtazamaji huchukua mwanga wa nyota unayoitaka, kisha mwanga wa nyota nyingine ya kawaida ambayo spektra yake inajulikana, tunayoiita nyota ya kulinganishia. Zote mbili zimepita kwenye hewa ile ile. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, alama za hewa zinafutika. Data zilinifikia mwanzoni kwenye kanda ndani ya bahasha, baadaye kwa intaneti. Nyota yetu kubwa ilikuwa moja, jitu jekundu lililojaa kaboni, lenye namba ndefu katika orodha za nyota. Sisi tuliliita Mzee.

Nilizisoma barua za Furaha kama mke anayepekua mifuko ya shati. Aliandika kwamba hewa ya mlimani inamtoa damu puani. Nililala vizuri siku hiyo. Aliandika kwamba mawingu yamekataa kuondoka; nikamshukuru Mungu, kisha nikakumbuka kwamba bila data hata mimi sina kazi, nikaanza kuomba mawingu yaondoke. Aliandika kwamba amemwona Mzee asubuhi, jua limeshachomoza, kwa kuwa infraredi haijali sana mchana. Niliiacha barua hiyo mezani na kutoka nje, nikatazama anga jeupe la Bwiza, nikarudi ndani.

Binti yetu Asha alizaliwa, na Issa akachoka. "Mama Asha, we umeolewa na mi ao na Furaha? Tunakula, Furaha. Tunalala, Furaha."

"Nimeolewa na wote wawili," nikamjibu. Alicheka, lakini si sana.

Nilikuwa na dawa moja. Furaha hakuolewa, hakuzaa. Alipokuja likizo mara ya kwanza nilimwekea Asha mapajani, makusudi, mtoto amepakwa mafuta na amevalishwa gauni la Idi. Alimshika kama mtu anayemshikia abiria mwenzake mzigo. Kisha akanirudishia, macho yake ameyainamisha, akasema, "Mutoto muzuri sana, dada. Ile data ya mwisho, umeona namna mvuke ulikula pale kati?"

Nikasema moyoni: inamuuma. Hawezi hata kumtazama. Nikaishika imani hiyo kwa mikono miwili. Nilizaa wanne, na kila niliyemzaa nilimtumia Furaha picha kabla ya kuwatumia wakwe zangu. Alijibu kila mara kwa mstari mmoja wa pongezi na kurasa mbili za spektra.

Miaka ya vita ilipokuja, Shefu wa Laboratwari alistaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na Mkuu wa Idara, mwanamke mrefu aliyesema kila jambo mara moja tu. Alinipeleka hospitali ya chuo, mtaa wa Kamenge, kuwafundisha fizikia wanafunzi wa udaktari: eksirei, leza, namna joto la mwili linavyopimwa.

"Na Mzee, madamu?" nikamuuliza.

"Nyota itakuwa pale kesho. Wagonjwa je?"

Hakukosea, nami sikubishana. Nilifundisha asubuhi, nikasafisha data mchana siku ambazo njia zilipitika na umeme ulikuwepo. Siku nyingine tulifunga madarasa tukasikiliza. Furaha alikuwa salama mlimani, na hilo nalo nilimwonea wivu bila aibu; nani asingemwonea? Alikuwa akipiga simu kila alipoweza, kwanza kwa mama yake aliyehamia Kamenge, halafu kwangu. Mara nyingi ni mimi niliyekwenda kumwona mama yule na kumpelekea unga. Hilo sikulifanya kwa wivu. Nilimpenda yule mama.

Sasa nifike kwenye pete.

Tulikuwa tumeikuta asetilini ya Mzee zamani, na sianidi pia. Pete za kaboni hatukuwa tumezipata, na vikundi vingine vilizitafuta kwenye nyota kama yake. Siku moja, vita vimetulia, Furaha akaniandikia: "Dada, tumeipata pete." Kwenye spektra ya Mzee kulikuwa na nundu, mwanga uliozidi, mahali ambapo molekuli za pete hung'aa. Makala yalikuwa tayari kupelekwa kwenye jarida. Mkurugenzi wa Kituo ameshayasoma, ameshafurahi. Na data, akasema, amezisafisha mwenyewe safari hii, kwa programu mpya, ili asinisumbue.

Asinisumbue! Mlima alikuwa nao, Mzee alikuwa naye, na sasa hata ufagio ameuchukua. Nilizifungua data zile ghafi nikiwa sitafuti pete. Nilitafuta kosa. Nilipitia mstari baada ya mstari, na sikula wala sikuitika nilipoitwa, hadi nilipoliona.

Ile nundu ilikaa mahali hasa ambapo methani ya hewa yetu hula mwanga. Nyota ya kulinganishia ilikuwa imetazamwa ikiwa chini, karibu na upeo wa macho. Mwanga wa nyota iliyo chini hupita katika hewa nyingi kuliko wa nyota iliyo utosini, kwa hiyo methani ilikuwa imeula zaidi. Ukigawanya nyota iliyoliwa kidogo kwa nyota iliyoliwa sana, inatokea nundu ambayo haipo. Methani yetu hutoka kwenye mabwawa na, kwa wingi, matumboni mwa ng'ombe. Nilicheka peke yangu hadi Issa akaja kuona kuna nini.

"Furaha ameona ng'ombe," nikamwambia, nikamweleza.

Akafikiri. "Na ukinyamaza?"

"Makala yanatoka. Wenzake watayasoma, watalikuta kosa, watamcheka ulimwengu mzima."

"Si unyamaze basi? Siku zote ulikuwa unataka nini?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikaa nalo. Nikamwona Furaha ameanguka, na nisidanganye, picha ile ilikuwa tamu. Kisha nikamwona mtu wa kikundi kingine, nisiyemjua hata jina, akilikuta kosa lile na kumwandikia yeye. Hapo ndipo nilipochukua simu. Nimwachie mtu mwingine raha hiyo?

"Furaha, ile si pete. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani, dada?"

"Nyota ya kulinganishia uliichukua ikiwa wapi?"

Nikasikia anafungua karatasi zake.

"Chini," akasema.

"Chini kidogo?"

"Chini sana." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakimbizana na mawingu. Yesu wangu. Asante, dada." Akakata.

Makala yaliondolewa kabla hayajafika kwenye jarida. Mkurugenzi wa Kituo aliuliza nani ameliona kosa. Furaha akamtajia jina langu na mahali nilipo. Baada ya muda ikaja barua ya mwaliko. Watoto walikuwa wameshakua, Mkuu wa Idara akasaini ruhusa bila kuinua kichwa, na Mama Asha wa Bwiza akapanda mlima.

Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama ilivyo kwa watu waliozoea milango mifupi. Alinipa mkono akasema kwa Kifaransa, "Kumbe ni wewe wa ng'ombe! Laiti tungekuwa nawe hapa tangu mwanzo."

Tangu mwanzo. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Tulipanda asubuhi. Kuba la darubini lilikuwa wazi, jua limejaa juu ya mawe mekundu, na kwenye skrini, mchana kweupe, Mzee alikuwa pale, doa moja lililotulia. Furaha alikuwa na kiti chake chenye mtandio wake mgongoni. Alikuwa na kikombe chake, mpini umevunjika, hakuna mwingine aliyekigusa. Fundi wa darubini alianza kutimiza neno la Furaha kabla mwenyewe hajalimaliza. Ningeweza kuusamehe mlima, lakini kikombe kile sikuweza.

"Kaa," Furaha akaniambia, akaondoa mtandio. "Leo we ndiye unaamuru."

Nikakaa. Nikaamuru darubini iende kwa Mzee, iende anga tupu, irudi kwa Mzee. Nikachagua nyota ya kulinganishia iliyo juu, karibu kabisa na Mzee. Ilikuwa furaha kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ilidumu kidogo, kwa sababu kichwa kilianza kunigonga kama nyundo ya baba, nikatapika kwenye ndoo, na wakaniteremsha na chupa ya oksijeni puani. Daktari wa kituo akaniambia kuna watu ambao miili yao haiukubali urefu ule, na mimi ni mmoja wao, ningekuja nikiwa na miaka ishirini ingekuwa hivyo hivyo.

Mtafikiri habari hiyo iliniponya: kumbe nafasi ile haikuwa yangu kamwe. Wapi. Niliposhuka nilianza kuuonea wivu mwili wake.

Baadaye zikaja darubini za angani, zinazokaa juu ya hewa yote. Huko hakuna mvuke wala ng'ombe. Zinaona hata rangi za infraredi ambazo kabonidioksidi huzifunga kabisa tukiwa chini, na humo benzini ina bonde lake lililo wazi. Furaha aliomba muda kwa ajili ya Mzee, majina yetu mawili kwenye maombi. Data ziliposhuka zilifika Bujumbura siku ile ile zilipofika mlimani. Nilizisafisha polepole. Bonde la asetilini lilikuwa pale, refu. Pembeni yake, dogo, jembamba, lilikuwa bonde la benzini.

Nilimpigia. "Iko."

"Tafuta kosa," akasema.

"Nimetafuta."

"Tafuta tena, dada. Tafuta vibaya."

Nilitafuta kwa moyo wangu wote mbaya. Nilibadilisha nyota ya kulinganishia, nilikata data katikati nikapima kila nusu peke yake, nilimshuku kila mtu aliyekigusa kile kifaa. Bonde halikuondoka. Makala yakatoka, Furaha wa kwanza, mimi wa pili. Watu husema mahali pa pili napo ni pazuri. Wasemao hivyo zaidi ni walio pa kwanza.

Nilistaafu mwaka ambao macho yangu yalianza kuchoka. Mkuu wa Idara wa sasa, ambaye nilimfundisha mwenyewe, alitoa hotuba fupi, tukanywa fanta. Furaha alikuja. Naye alikuwa ameacha kupanda mlima, ingawa kituo hakijamwacha. Anaishi sasa mjini huko chini, na data za darubini mpya bado zinamfuata.

Kesho yake alikuja kwangu Bwiza kula mchana. Nilipika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa nyanya. Asha alikuwepo na mwanawe, na nyumba ilijaa kelele za wajukuu, na mimi nilizifurahia kelele zile kuliko ilivyostahili. Walipotoka uani tukabaki wawili. Nikaona sasa ni wakati. Tulikuwa wazee, tungeogopana nini?

"Furaha, nikuulize kitu. Siku ile nilikupakatisha Asha. Uliinamisha macho. Iliku­uma, siyo?"

Aliacha kula. "Siku gani?"

Nikamkumbusha gauni la Idi, mafuta, kila kitu.

Akafikiri kweli, alitaka kunijibu vizuri. "Nilikuwa naangalia mikono yake. Mafuta. Niliogopa ananichafulia karatasi za data zilikuwa kwa mifuko."

"Hukunionea wivu? Mimi na watoto wangu? Hata kidogo?"

"Apana, dada." Akatabasamu, hana hatia. "Hata siku moja. Mi nilikuwa na mulima, nilikuwa na Mzee. Nilisikia vizuri sana vile nilikuwa."

Nilitazama ndagala kwenye sahani. Picha zile zote, na stempu zake.

"Na we?" akauliza. "We ulinionea wivu?"

Bwiza nzima ilikuwa inajua. Issa, Mungu amrehemu, alikwenda nalo kaburini. Nikasema, "Kila siku. Mpaka leo."

"Eh, hiyo nilijua." Akachukua kipande cha mkate akafuta mchuzi. "Tangu siku ya gazi. Mkurugenzi alitaka data zisafishwe hapo mulimani. Walikuwa na vijana wa doktora, wazuri. Nilikataa. Nikamwambia apana, zinaenda Bujumbura. Mutu anakupenda anaangalia kazi yako anasema ni nzuri. Mutu mwenye wivu anatafuta kosa mpaka analiona. Siku ile moja nilisafisha mi mwenyewe, si uliona? Ng'ombe."

Miaka yote ile nilidhani wivu ulikuwa wangu peke yangu, mali pekee ambayo Furaha hakuigusa. Kumbe naye alikuwa ameuweka kazini, karibu na heliamu na vioo, na ulimfanyia kazi vizuri.

"Umekasirika?" akauliza.

"Nimekasirika sana."

"Bon," akasema. "Basi kuna data mupya nimeleta. Nyota ingine, inakufa vibaya, iko na minyororo ya kaboni ambayo mi sijaona popote. Nadhani. Nimesafisha kidogo tu. Unataka ao utaki?"

Nilimwambia aondoke na data zake. Nilimsindikiza hadi barabarani, sikumwambia kwaheri vizuri, naye alinikumbatia hivyo hivyo. Niliporudi nikakuta ameacha diski ndogo yenye zile data juu ya meza, kando ya sahani.

Vijana huniuliza ninafanya nini na kustaafu kwangu, na husubiri niseme nimetulia. Sikutulia. Nina miwani mipya, Asha ameniwekea kompyuta karibu na dirisha, na tangu asubuhi nimeifungua ile diski. Minyororo ipo, au inaonekana kuwepo, na ni mizuri kupita kiasi.

Nimeanza kutafuta kosa.